Eti mafuta na maji hayachanganyiki

Juzi Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, kijana mmoja alikuwa akimtuliza mama anayeuza kaa na chaza: "Shangazi, hizo habari za mafuta kumwagika zisikutishe. Mafuta na maji hayachanganyiki. Yataelea juu, chaza wako chini, watadhurikaje?" Mama akanyamaza. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno tangu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lilipoanza kujengwa kuja Chongoleani, pwani yetu hii, hata kwa watu waliosoma.

Kumwagika kwa mafuta ni mafuta ya petroli, yaani yachimbwayo ardhini, ghafi au yaliyosafishwa, kuingia baharini kutoka kwenye meli, bomba au tangi. Basi. Kazi iko kwenye neno mafuta.

Neno hili ni la Kibantu na ni la zamani sana. Wakikuyu wana maguta, Wazulu amafutha. Lilianza na shahamu ya mnyama na vitu vya kupaka na kupikia, petroli ikaja karne nyingi baadaye ikapewa jina lilelile. Ndiyo maana tukisikia mafuta tunaona chupa ya jikoni: kitu kimoja, kinachoelea. Lakini sikiliza sarufi yake: mafuta haya, mafuta yale, tunayasema kwa wingi. Kwa petroli, wingi huo ni kweli kabisa. Mafuta ghafi yana maelfu ya kemikali. Nyepesi hupaa na hewa ndani ya siku chache. Nyingine, kama benzini, huyeyuka majini kwa kiasi, na ni sumu. Nzito hushikana na mchanga na tope zikazama. Yale ya Hoima yana nta nyingi, ndiyo sababu bomba lake linahitaji kupashwa joto hadi nyuzi 50 hivi. Yakikutana na bahari yetu, isiyofika joto hilo, yataganda mabonge.

Hapo ndipo ninapokereka. Watu husema "hayachanganyiki" wakimaanisha "hayayeyuki", na hayo ni maneno mawili. Chumvi huyeyuka, huioni tena. Kuchanganyika ni jambo jingine, na kila anayepika Pwani analijua. Tui ni nini? Ni mafuta ya nazi yaliyogawanyika kuwa matone madogo mno, yametapakaa ndani ya maji. Hayakuyeyuka, lakini nani atasema hayakuchanganyika? Tunakoroga sufuria bila kuchoka ili tui lisikatike. Likikatika ndipo mafuta yanajitenga. Wimbi linafanya kazi ya mwiko huo. Linayapiga mafuta hadi matone yanashuka chini, na mengine yanameza maji yakawa uji mzito wa rangi ya kahawia, wenye ujazo mkubwa kuliko mafuta yaliyomwagika.

Sasa mtazame chaza kwenye mzizi wa mkoko maji yakijaa. Anafungua gamba kidogo, upana wa ukucha, anavuta maji, anachuja chakula, anayatoa. Chaza mkubwa huchuja lita kadhaa kwa saa. Matone yale ni ya ukubwa anaoumeza. Samaki aweza kuogelea akaenda zake, na ini lake huvunjavunja sumu nyingi za mafuta. Chaza hana pa kwenda, na mwili wake huzivunja polepole sana, kwa hiyo zinajikusanya. Aweza kuwa hai, ananuka dizeli, haliki wala hauziki. Akihamishiwa maji safi, huchukua wiki, pengine miezi, kujisafisha.

Machi 1978 meli ya Amoco Cadiz ilivunjika pwani ya Bretagne, Ufaransa, ikamwaga zaidi ya tani 200,000. Wafugaji wa chaza wa kule walilazimika kuteketeza chaza wao, na tope la vijito vyao likabaki na mafuta miaka mingi baada ya uso wa maji kuonekana safi. Tope la mikoko yetu ni la aina hiyohiyo, laini, lisilo na hewa, na mafuta yakiingia humo huoza taratibu mno.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukirudi kwa shangazi mwambie hivi: mengi hayayeyuki, hapo ulisema kweli, lakini yanachanganyika. Na siku ukiona uso wa maji umetakata, usimwambie yamekwisha. Mwambie hayaonekani, kisha mnuse chaza pamoja.