Staudinger hakuvumbua plastiki

Lamu, tangu Flipflopi, dau la plastiki chakavu, lishushwe majini 2018, mazungumzo ya plastiki hayaishi barazani. Na anayesikia kwamba Mjerumani Hermann Staudinger ndiye baba wa kemia ya polima (vitu vya molekuli ndefu sana, plastiki ikiwemo) hukata shauri hapo hapo: basi ndiye aliyetuletea taka hizi ufuoni.

Siye. Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kabisa kwa kemikali, ilikuwapo tangu 1907, kazi ya Leo Baekeland huko Marekani. Staudinger alikuja kueleza vitu vya aina hiyo vimeundwaje. Katika makala yake ya 1920 alidai ni minyororo mirefu ya atomi zilizoungana kikemia. Wakubwa wa fani wakapinga: ni molekuli ndogo zilizorundikana tu, walisema. 1922 akautia mpira wa asili, ule wa utomvu, hidrojeni, ili kuondoa nguvu ambayo wapinzani walidhani ndiyo inayozishika molekuli hizo ndogo pamoja. Kama wangekuwa sahihi, rundo lingesambaratika na kugeuka mvuke kirahisi likipashwa moto. Wapi! Hata hivyo ubishi uliendelea miaka, na Nobel akaipata 1953, akiwa na miaka 72.

Tena polima si plastiki peke yake. Mtazame fundi wa madau wa Matondoni, kijiji cha Lamu, akitia kalafati, anashindilia pamba kati ya mbao za dau kwa patasi na nyundo. Pamba ile ni selulosi, na ubao kwa sehemu kubwa ni selulosi vilevile: polima ambayo Staudinger mwenyewe aliichunguza maabarani.