Ci si “huko” tu

Bado naulizwa kwa nini nasahihisha sentensi ya Kiitaliano “inayoeleweka hata bila ci”, kile kijineno kinachoambatana na kitenzi. Chanzo ni ile kanuni iliyozagaa kwamba ci maana yake ni “huko”, kwa hiyo mahali pakishajulikana unaiacha. Kanuni hiyo imewapotosha wanafunzi kiasi cha kutosha.

Mahali kwanza, kwa haraka. Abiti a Milano? (Unaishi Milano?) Jibu: Sì, ci abito. Ukisema Sì, abito, sentensi inaning’inia, kwani abitare (kuishi) inadai mahali pake. Kwa andare (kwenda) utasamehewa: Sì, vado domani (ndiyo, naenda kesho) husikika, ingawa ci vado domani ndiyo iliyokamilika. Halafu Mswahili amezoea “kuna kitabu, kuna vitabu viwili”, basi anaandika c’è due libri. Kosa! Kiitaliano kinaangalia umoja na wingi: c’è un libro, ci sono due libri.

Sasa umiliki, na hapa ndipo “huko” inapoanguka kabisa. Hai la macchina? (Una gari?) Wengi hujibu Sì, ho. Si sahihi. Wengine hujibu Sì, l’ho: kisarufi inapita, lakini kwenye mazungumzo inasikika ngeni. Muitaliano anasema Sì, ce l’ho, na hakuna mahali popote panapotajwa. Kwa nini mwanafunzi asisikilize lugha yake mwenyewe? Ukiulizwa kama una gari, husemi “ndiyo, nina” ukanyamaza. Unasema ninalo. Funguo? Ninazo. Kiitaliano nacho kinadai kitu kinachomilikiwa kirejelewe: macchina (gari), ce l’ho; soldi (pesa), ce li ho; chiavi (funguo), ce le ho. Ci hugeuka ce mbele ya lo, la, li, le na ne. Lo na la hukatwa mbele ya ho. Li na le hazikatwi kamwe, kwa hiyo funguo haziwezi kuwa ce l’ho. Ukijibu kwa idadi, tumia ne, kijineno kinachorejelea kilichokwisha kutajwa: Quanti fratelli hai? (Una kaka wangapi?) Ne ho due (ninao wawili).

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalikwepa. Waitaliano wengi husema ci pamoja na avere (kuwa na) hata yambwa, yaani kile mtu alicho nacho, ikiwa imetajwa waziwazi, kama mtu anayesema ana njaa: c’ho fame. Kuiandika ni tatizo ambalo halijapata suluhisho la kuridhisha. C’ho, kwa kanuni za tahajia, ingesomwa “ko”. Ci ho inaonyesha silabi mbili ambazo msemaji hazitamki. Ushauri wangu: isikilize, itamke ukiwa na marafiki, ila kwenye mtihani andika ho fame.

Ne nayo ina umiliki wake, na inapuuzwa mno. Ho visto il film ma non ne ricordo il titolo (nimeiona filamu lakini sikumbuki jina lake): hiyo ne ndiyo “lake” katika “jina lake”. Il suo titolo si kosa, ila kwa kitu kisicho na uhai ne inapendeza zaidi.

Kuchagua kati ya ci na ne, tazama kihusishi cha kitenzi: pensare a (kufikiria jambo), ci penso; parlare di (kuzungumzia jambo), ne parlo. Ukiomba maoni ni pensare di, ndiyo maana tunauliza che ne pensi? (unaonaje?)

Zote mbili hutangulia kitenzi kilichonyambuliwa, lakini hugandana na kitenzi-jina: andarci, parlarne. Kwenye amri fupi konsonanti hurudufiwa: va’ (nenda) na ci huwa vacci, da’ (toa) na ne huwa danne. Andika c mbili; vaci haipo.