Maria Magdalena hakuwa kahaba

Kila Pasaka, mahubiri na maigizo ya makanisani Mombasa humrudisha Maria Magdalena akiwa kahaba aliyetubu. Wengi wetu tumekua tukisikia hivyo. Biblia haisemi hivyo.

Fungua Luka 7. Mwanamke mwenye dhambi anailowesha miguu ya Yesu kwa machozi, anaifuta kwa nywele zake na kuipaka marhamu. Hatajwi jina. Magdalena anaingia sura ya 8, mstari wa 2: ametokwa na pepo saba, naye ni miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi wake kwa mali zao. Huko kote hakuna neno la ukahaba.

Kosa linatokana na kuunganishwa kwa wanawake watatu: yule asiye na jina, Magdalena, na Mariamu wa Bethania, ambaye katika Yohana 12 naye anampaka Yesu marhamu miguuni. Mwaka 591 Papa Gregori wa Kwanza alihubiri kwamba wote ni mtu mmoja, na wale pepo saba akawafasiri kuwa ni maovu yote. Kanisa la Magharibi, yaani la Kirumi, likaifuata tafsiri hiyo kwa karne nyingi.

Waorthodoksi, Wakristo wa Kanisa la Mashariki, hawakuifuata. Kwao Magdalena ni mbeba manukato, mmoja wa waliopeleka manukato kaburini kwa Yesu, tena aliye sawa na mitume, kwa kuwa ndiye aliyewapasha wanafunzi habari ya ufufuo (Yohana 20:18).

Wakatoliki wenyewe waliwatenganisha wanawake hao katika kalenda ya mwaka 1969, na mwaka 2016 Papa Francis akaipandisha kumbukumbu ya Magdalena ya Julai 22 kuwa sikukuu. Kumwita kahaba hadi leo ni kumsingizia.