Maji ya bahari hayakati kiu, hata ukinywa kidogo kidogo

"Mwalimu, si mtu anaweza kunywa maji ya bahari kidogo kidogo, mwili ukazoea?" Swali hili naulizwa karibu kila darasa la kujiokoa baharini, hasa na walioitazama All Is Lost, ile filamu ya mwaka 2013 ambamo mwigizaji Robert Redford yuko peke yake kwenye mashua inayozama katika Bahari ya Hindi.

Hapana, mwili hauzoei. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na figo za binadamu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Kuiondoa chumvi ya lita hiyo kunataka mkojo wa zaidi ya lita moja na nusu. Hayo maji ya ziada yanatoka wapi? Yanatoka mwilini mwako! Umekunywa, na umezidi kukauka. Kisha akili huanza kupotea. Wapo waliojitupa majini wakidhani wanaiona nchi kavu.

Hapo hunitajia Alain Bombard, Mfaransa aliyevuka Atlantiki kwa boti ya mpira mwaka 1952 na kusema alikunywa maji ya bahari. Wanasahau kwamba alikamua samaki apate maji yao na kukinga mvua. Na wanaotaka kuyachanganya na maji matamu wanayaharibu maji matamu tu. Redford mwenyewe, alipokuta maji yake ya akiba yameingia chumvi, alijitengenezea kifaa cha kuvukiza maji kwa jua. Sehemu hiyo itazameni mara mbili.

Mkojo nao usinywe, sababu ni ile ile. Samaki mle mkiwa na maji, kwani taka za protini hazitoki mwilini bila maji.

Wengine huniambia: "Meli ikipita itaniona." Filamu haidanganyi hapa: meli zinampita. Chelezo, yaani boti ya mpira ya kujiokolea, katikati ya mawimbi ni nukta. Fataki za kuombea msaada ziwekeni mpaka meli iwe karibu, na mchana wa jua tumieni kioo kuimulika.

Wengine hukimbilia chelezo mapema mno. Katika Fastnet, mashindano ya mashua za tanga, ya mwaka 1979 mashua 24 zilihamwa na watu wake, na zilizozama ni 5 tu. Kaa chomboni mpaka kiwe kinazama kweli.

Na ukishaingia kwenye chelezo, kabla ya jambo jingine, meza dawa ya kichefuchefu, hata kama hujawahi kutapika baharini. Chelezo hurusha kuliko mashua, na ukishaanza kutapika hata kidonge hakikai tumboni.