Supasimetria haijafa, imebanwa

Juzi kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kijana aliyesomea fizikia alinirudishia kauli niliyoizoea: "Ule mtambo wa Geneva si ulishaua supasimetria?" Hapana.

Nadharia hiyo inasema kila aina ya chembe ndogo za msingi za maada na nguvu ina pacha, na pacha hao lazima wawe wazito, la sivyo tungeshawaona. Mtambo huo wa CERN, kituo cha utafiti wa chembe karibu na Geneva, wenye mzunguko wa kilomita 27, hugonganisha protoni. Katika modeli nyingi, pacha mwepesi kuliko wote angetoroka bila kugusa kifaa. Kinachomsaliti ni hesabu ya msukumo isiyofunga: ukijumlisha msukumo wa chembe zilizoonekana, kuna sehemu inayokosekana.

Mtambo umetafuta tangu 2010, na hajapatikana pacha yeyote. Lakini mvuvi akivuta wavu wa sangara mtupu, amejua habari za sangara. Dagaa wangepita kwenye matundu.

Gluino, pacha wa gluoni (chembe inayoshikilia pamoja vipande vya ndani ya protoni), angeshanaswa katika modeli rahisi kama uzito wake haukufika takribani mara 2,000 ya protoni. Ila uzito wa gluino ukikaribiana na wa yule pacha mtoro, mabaki ya mgongano hufifia na kikomo hicho cha uzito hushuka mno. Zilizozama ni modeli zilizoahidi pacha wepesi, na hizo, tukubali, ndizo zilizopendwa zaidi.