Uhalifu ni nini, na mhalifu ni nani hasa?

Watu wetu hili neno uhalifu wanambandika mwizi tu, wa kuku, wa simu au wa boda. Lakini uhalifu ni kuvunja sheria, avunje yeyote, na neno lenyewe linatoka kwenye kuhalifu, yaani kwenda kinyume na amri. Sasa angalia steji zetu za boda, iwe Kampala iwe Arua, mtu mmoja anapiga kelele mwiziii! na kabla hujauliza kaiba nini ashapigwa mawe, mwingine mbio anatafuta tairi na petroli, na wote pale wanajiona raia wema. Hapana jamani. Kwa sheria ya Uganda aliyeua ni muuaji, na mkiwa kundi lenye nia moja kila aliyeshiriki anashtakiwa sawa na aliyerusha jiwe la mwisho. Yule mliyemuita mhalifu bado ni mshukiwa tu, akifika kortini anaitwa mshtakiwa, na Katiba ya 1995 kifungu cha 28 inasema hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe.

Hasira inatoka wapi tunajua, tunaisikia sana ofisini kwetu. Mtu kashikwa Jumatatu, Jumatano mnamuona dukani anakunywa soda, mnasema polisi wamekula pesa. Rushwa ipo, sikatai, na huo nao ni uhalifu, tena mbaya sana. Ila mara nyingine hiyo ni bondi tu, yaani dhamana ya polisi: kifungu cha 23 cha Katiba hiyohiyo kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 48, sasa kama upelelezi haujaisha polisi wanamuachia kwa bondi, ambayo ni bure, halafu anatakiwa arudi kuripoti. Kesi bado iko palepale.

Kumshika mtu uliyemuona akitenda kosa, raia anaruhusiwa, mradi umkabidhi polisi bila kuchelewa. Muiteni mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, pigeni 999 ya polisi, mpelekeni posti ya polisi ya karibu akiwa mzima, na aliyeibiwa aandikishe taarifa, asiondoke bila namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, maana ndiyo atakayofuatilia nayo faili. Na mlioona kwa macho, mkiitwa kortini nendeni tafadhali, hata kama ni kuacha kazi siku nzima, kwa sababu mashahidi wasipotokea hakimu anaweza kuifuta kesi, na hapo mtu anatoka huru kweli.