Anasikia, ila haelewi: kifaa cha kusikia na kazi ya ubongo

Baba anasema anasikia vizuri, ila watu siku hizi "wanamumunya maneno". Anajitetea tu?

Hapana, anasema kweli. Usikivu unaopungua kwa umri huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, na huko ndiko ziliko s, f, t, k na sh. Irabu ni nzito na zina nguvu, kwa hiyo hubaki. Ukimwambia "paka" ukiwa chumba cha pili, kinachomfikia ni "a…a". Ni paka, taka, kaka, saka au shaka? Ubongo wake uchague upesi, maana wewe umeshafika sentensi ya pili.

Ubongo unachaguaje?

Kwa kuotea, ukitumia maneno ya jirani na mada iliyopo. Jerker Rönnberg, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Linköping nchini Sweden, ameeleza hivi: sauti ikilingana na neno tulilolihifadhi kichwani, tunaelewa bila jasho, isipolingana, inabidi tuishike kwa muda na kuichambua. Nafasi ya kufanyia kazi hiyo ni finyu. Ikijaa herufi za kutafuta, hakuna pa kuweka habari yenyewe. Ndiyo maana mzee hutoka kikaoni amechoka hoi, na kesho yake anaambiwa amesahau, kumbe maneno yenyewe hayakumfikia.

Akivaa kifaa, yataisha?

Yatapungua. Kifaa hukuza zile sauti anazozikosa na kuzibana zile kubwa zisimuumize. Lakini seli za sikio la ndani zikifa hazioti tena, hivyo sauti hufika ikiwa kubwa, si lazima iwe safi. Anayetarajia mambo ya miwani, kuvaa na kuona hapo hapo, atavunjika moyo.

Siku za mwanzo karatasi ikikunjwa inamkera, maji ya bomba yananguruma, hata nyayo zake zinamshtua. Ubongo ulishazizoea kuwa hazipo, na kuzipanga upya huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kukiacha kabatini hadi siku ya sherehe: watu wengi, muziki juu, kisha anasema hakifai. Aanze na mtu mmoja, chumba kimya, halafu aongeze saa hadi akivae kutwa.

Kinazuia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu?

Kisinunuliwe kwa ahadi hiyo. Utafiti wa ACHIEVE wa Marekani, uliochapishwa 2023, ulifuatilia watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka 3. Kwa wote kwa pamoja, tofauti kati ya waliopewa kifaa na wasiopewa haikuonekana. Kwa kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi, kudorora kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Inatia moyo, ila sababu ya kukivaa leo ni kufuata mazungumzo ya leo.

Sikio moja limeziba ghafla, bila maumivu. Nitafute kifaa?

Nenda hospitali leo leo. Tiba ya hali hiyo haisubiri.

Sisi wa nyumbani tufanye nini?

Zima televisheni. Mwite jina kwanza, kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga. Usipige kelele: ukipaza sauti, irabu ndizo zinazovimba, konsonanti zinabaki nyuma. Na asipokuelewa usirudie "paka" mara tatu. Mwambie, "Yule anayekamata panya."